Maji Juu ya Jiwe

Kabla ya kulipasua jiwe, baba alilimwagia maji, akatulia akilitazama likikauka. (Nyumbani Tabaka tulimwita tata. Kwa Kikisii "baba" ni mama, jambo lililonitesa sana darasa la kwanza.) Uso ukishapauka, penye ufa hubaki mstari mweusi wa unyevu. Hapo ndipo alipojua panga lipite wapi.

Mwaka 2004 nilipata kazi Nairobi, kutunza programu ya mikopo iliyoandikwa na watu walioondoka zamani. Chombo changu kilikuwa grep tu: unaitajia neno, inakuletea kila mstari wenye neno hilo. Niliitajia riba, ikanimwagia kurasa na kurasa. Nikachapisha msimbo, nikaubandika ukutani na kuchora mishale kwa kalamu nyekundu. Mfagizi akaubandua akidhani ni takataka.

Baadaye nikapata Doxygen, inayosoma msimbo na kumwachia Graphviz achore nani anamwita nani. Kwa pupa nikaomba mfumo mzima. Ikatoka picha kama utando wa buibui uliopigwa na upepo. Bosi aliipenda, akaitundika ofisini kwake. Mimi haikunifaa kitu. Ilinichukua muda kujifunza kuuliza kidogo: nikigusa hapa, nani ataumia?

Picha moja tu ya mfumo mzima imewahi kunisaidia, nayo ni ya CodeCity, kazi ya Richard Wettel alipokuwa Chuo Kikuu cha Lugano, Uswisi. Msimbo ni mji, na kila klasi ni jengo. Kazi zake zikiwa nyingi, linarefuka. Data ikiwa nyingi, msingi unapanuka. Katika mji wetu ghorofa moja lilisimama juu ya vibanda tupu. Riba, tarehe, faini, vyote vilikuwa humo.

Machi 2019 NSA, shirika la ujasusi la Marekani, liliitoa Ghidra bure. Tulikuwa na kipande cha zamani ambacho msimbo wake ulipotea, imebaki lugha ya mashine tu. Ghidra huigeuza kuwa kitu kinachofanana na lugha ya C, ila majina yote yamekufa: FUN_00401a30, iVar1, na ndugu zao. Usiku baada ya usiku niliwabatiza. Huyu wa riba. Huyu wa tarehe. Huyu sijui, akae kwanza.

Tata alipiga simu kuuliza kazi gani hiyo isiyolala.

"Nimelimwagia maji, Tata," nikamwambia. "Nangoja likauke."