MBA YA KICHWANI SI UCHAFU, NDUGU YANGU

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Fungua Suratul Baqara aya ya 196, ndani ya hukumu za Hija na Umra, utamkuta mtu mwenye maudhi kichwani. Sahaba Ka'b bin Ujra (r.a.) alikuwa Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, yuko kwenye ihramu, chawa wanamdondokea usoni. Mtume (s.a.w.) alimwona, akamuuliza kama wanamsumbua. Hakumcheka wala hakumkalia mbali. Akamruhusu anyoe, kisha atoe fidia: kufunga siku 3, au kulisha maskini 6, au kuchinja. Muwasho wa kichwa cha mtu mmoja umeingia kwenye Qur'ani, halafu wewe unaona haya kuutaja kwa muuza dawa?

Mimi nina mba zaidi ya miaka ishirini. Nikivaa koti jeusi juu ya kanzu, mabega yanahutubu kabla yangu. Inawasha nyuma ya masikio na kwenye nyusi, inatulia, inarudi.

Kwenye ngozi ya kila mwanadamu wanaishi fangasi wadogo waitwao malasezia, chakula chao ni mafuta ya ngozi. Kwa baadhi yetu ngozi haielewani nao, inakuwa nyekundu, inawasha na kujimenya haraka. Haiambukizwi kwa kuswali bega kwa bega. Magamba yake si najisi na hayatengui udhu. Wala si kila muwasho ni jini. Kisomo soma, na dawa tumia. Haing'oki moja kwa moja, unaidhibiti kama watu wanavyodhibiti presha. Na baridi yetu ya Njombe, mwezi wa sita na wa saba, inaichochea, sisi tukiongezea maji ya moto mno na mzula usiofuliwa.

Ninachotumia ni shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2. Povu nalisugua mpaka kwenye ngozi, naliacha dakika 5, ndipo nasuuza. Wengi wanaolalamika kuwa haifanyi kazi wanasuuza papo hapo. Mara 2 kwa wiki kwa wiki 4, kisha mara moja kila wiki au kila wiki mbili ili isirudi.

Najua swali lenu: Sheikh, na mafuta ya zeituni? Mti wake umebarikiwa, na nyumbani kwangu hayakosekani jikoni. Lakini fangasi hawa wanayapenda kuliko wewe. Paka kidogo ulainishe magamba, kisha uyaoshe yote. Ukilala nayo umewaandalia daku. Ndimu na mafuta ya taa vinaunguza, achana navyo. Krimu za steroidi zinazouzwa kiholela, ukijipaka usoni miezi na miezi, zinaikondesha ngozi.

Mtoto wa madrasa mwenye mabaka ya mviringo na nywele zinazokatika, hayo ni mapunye. Yanaambukiza kwa kofia na mashine ya kunyolea, na yanahitaji vidonge kutoka kituo cha afya.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Kuna kijana hapa Mjimwema amehama safu ya mbele, anaswali nyuma karibu na viatu, kwa sababu amesikia watu wakinong'ona, "yule ana ngoma." Mcheni Allah! Wenye mba wengi hawana virusi hivyo. Ni kweli mba ikilipuka ghafla, kali, ikasambaa usoni na kifuani, inaweza kuonyesha kuwa kinga imeshuka, na hapo kupima ni lazima. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 uliukuta mkoa wetu wa Njombe juu kuliko mikoa yote, asilimia 12.7 ya watu wazima. Kwa hesabu hiyo sote tunatakiwa kupima, na aliyenong'ona atangulie. Dawa zinatolewa bure, na anayezimeza ipasavyo anaishi, anaoa, anazaa.

Wiki 4 zikipita bila nafuu, au ukiona usaha, nenda hospitali. Wataalamu wa ngozi ni wachache nchini. Wengi wamesomea kituo kile cha Moshi, jirani na KCMC, kilichoanza 1992. Daktari akikupa rufaa, usiikalie. Wenye swali la siri waniandikie inboksi, akina mama wampitie mke wangu.

Wabillahi tawfiq.