Mdomo Uliopinda Siku ya Jumamosi

Jumamosi moja tulikuwa kwenye mazoezi ya kwaya hapa Mtoni. Mwenzetu, mama wa watoto wanne, ghafla mdomo ukampinda upande mmoja na kitabu cha nyimbo kikamdondoka. Tulimlaza kwenye benchi, tukampepea. Nusu saa haikuisha, akainuka akicheka, akasema ni uchovu tu. Nasi, pamoja na stashahada yetu ya uuguzi, tukamwambia, "Nenda nyumbani dada, ukapumzike." Hata presha hatukumpima.

Jumapili alfajiri mumewe alitupigia simu. Upande wa kulia ulikuwa umepooza na maneno hayatoki. Majirani walikuwa wakisema ni jini, na mtu alikwisha kutumwa kwa mganga. Tulikodi teksi mpaka Hospitali ya Temeke.

Majirani hatuwalaumu. Uchunguzi wa mwaka 2003 hadi 2006 ulionyesha kwamba, umri ukisawazishwa, kiharusi kiliwapata watu wapatao 316 katika kila laki moja kwa mwaka hapa Dar es Salaam, na 109 wilayani Hai. Tena wengi wa mjini walikihesabu kuwa cha mashetani au uchawi, kuliko wale wa Hai. Sisi wa mjini!

Lakini sisi tulijua. Mshipa wa damu ya ubongo huweza kuziba kidogo kisha ukafunguka, na dalili zikapotea. Hicho ni kiharusi kidogo, na kikubwa huweza kufuata, hasa katika siku mbili za kwanza. Mwambie mgonjwa atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme jina lake. Kimoja kikienda upande, tazama saa, mpeleke hospitali hata kama amepona. Usimpe chakula wala maji, atapaliwa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, baada ya picha ya kichwa. Ganzi ya nyayo inayokuja polepole ni jambo jingine. Nenda kliniki wiki hiyohiyo ukapimwe sukari.

Mwenzetu sasa anatembea kwa mkongojo. Mwezi uliopita tulimweleza kwamba Jumamosi ile tulipaswa kumpeleka hospitali. Alinyamaza kitambo, kisha akatushika kwa mkono wa kushoto.