Ndia Ipi, Mjukuu Wangu?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Methali hii nimeiandika katika insha mara nyingi, lakini maana yake niliijua Desemba iliyopita.

Mpenzi msomaji, sisi tunakaa Mlolongo, kando ya barabara itokayo Nairobi kwenda Mombasa. Urefu wake ni karibu kilomita 480. Kwenye ramani ni A8, na zamani ilikuwa A109, lakini hapa kwetu nambari hizo hazina kazi. Sote husema Mombasa Road, basi.

Nyanya, mzaa baba, anaishi Mji wa Kale, Mombasa. Alikuwa anakuja kuonwa na daktari wa macho. Baba alikuwa kazini, kwa hivyo mimi ndiye niliyempigia simu kumwelekeza. Nikamwambia haraka haraka, "Nyanya, uteremke Mombasa Road, kwa steji. Nitakuwa hapo saa kumi na moja alfajiri."

"Ndia ipi hiyo, mjukuu wangu?" akauliza.

Nikacheka. Nikamwambia si "ndia", ni "njia". Swali lenyewe sikulijibu.

Kesho yake nilingoja mpaka jua likachomoza. Mabasi yakapita, Nyanya hayumo. Kumbe alimwomba kondakta amshushe Mombasa Road, naye akamjibu, "Mama, si tangu jana usiku tuko Mombasa Road?" Abiria wakaangua kicheko. Nyanya akanyamaza kwa haya, akapelekwa hadi katikati ya jiji. Huko akauliza baraste ya kurudi kwa mwanawe iko wapi. Vijana wakatazamana. Hakuna aliyejua kwamba baraste ni barabara kuu. Simu yake nayo ilikuwa imezima. Mama mmoja muuza chai ndiye aliyemwazima yake.

Tulimpata saa nne, ameketi juu ya mzigo wake, anatetemeka kwa baridi. Daktari alikuwa amemtarajia saa mbili. Akapangiwa siku nyingine, mwezi mzima baadaye. Nililia.

Jioni nilimwomba msamaha. Hakunigombeza. Alinieleza tu kwamba kwao barabara hiyo hiyo ni ya Nairobi, kwani ndiko iendako. Tena "ndia" si kosa bali ni Kimvita, na karibu na Fort Jesus kuna mtaa uitwao Ndia Kuu. Mama naye akasema kijijini kwao, mashambani Machakos, ukiambiwa "tupatane kwa lami" huulizi lami gani. Lami ni moja, nyingine zote ni marram.

Ama kweli, jina la barabara huonyesha msemaji amesimama wapi. Sisi tuko huku tukitazama Mombasa, Nyanya yuko kule akitazama Nairobi. Sote tulikuwa sawa, ila mimi nilidhani niko sawa peke yangu. Wanachama wenzangu, tusiwe wepesi wa kusahihisha Kiswahili cha wakubwa wetu kabla hatujasikia wanauliza nini.

Januari Nyanya alikuja tena. Safari hii nilimwambia, "Mwambie kondakta neno moja tu: Mlolongo." Hilo halibadiliki, utoke Mombasa au utoke Nairobi. Kisha nikamwuliza kama amenielewa.

"Barabara!" akajibu, na safari hii tulicheka wote wawili.