Chura wa Kihansi na Panzi wa Mlimani

Je, umesikia habari za chura wa Kihansi? Ni chura mdogo wa rangi ya manjano. Hatagi mayai kama vyura wengine. Huzaa watoto.

Wataalamu walimwona mara ya kwanza mwaka 1996, katika milima ya Udzungwa. Aliishi mahali pamoja tu duniani, penye manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yaliingizwa kwenye mitambo ya umeme. Manyunyu yakapungua. Mabomba ya kunyunyiza maji yakawekwa, lakini mwaka 2003 vyura walikufa kwa wingi. Ugonjwa wa ngozi ulionekana kwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini wamekwisha.

Lakini vyura karibu 500 walikuwa wamepelekwa Marekani kwa ndege, wakazaana huko. Mwaka 2010 baadhi walirudishwa Dar es Salaam. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi.

Sasa tutazame panzi. Simsemi nzige, aliyeingia kaskazini mwa nchi yetu mwaka 2021. Nzige akimaliza shamba hili huruka kwenda lile. Lakini katika misitu ya Meru na Kilimanjaro wako panzi wenye mabawa mafupi, wasioweza kuruka angani. Aina nyingine hupatikana kwenye mlima mmoja tu. Msitu ukikatwa, panzi huyo hawezi kuvuka mashamba na nyika akatafute mlima mwingine. Amefungwa na msitu, kama chura alivyofungwa na manyunyu.

Nilipowasomea wanakisomo wangu habari hizi, mzee mmoja alisema, "Mwalimu, panzi hula mboga zangu. Aende tu!" Tulicheka. Nilimweleza kwamba panzi wa bustanini ni wengine.

Kuhusu umeme hatukucheka. Sote tunautaka, nami nautaka. Lakini kule Kihansi kulikuwa na watu waliohesabu vyura. Hapa kwetu mti mmoja hukatwa leo kwa kuni, mwingine kesho kwa mkaa. Panzi hahesabiwi na mtu.

Mama mmoja aliuliza, "Huyo panzi wetu anaitwa nani?" Tukajaribu kuandika ubaoni majina ya panzi. Tuliandika nzige, senene na parare. Hapo tukakwama.