Elimu ya Dini za Walimwengu na Vijana Wetu

Katika zama zetu hizi kijana hahitaji tena kufunga safari ya miezi ili akisome kitabu. Kitabu humjia kiganjani mwake, usiku wa manane, naye yumo chumbani kwake. Neema hiyo ni kubwa, na hapana shaka tutaulizwa namna tulivyoitumia. Lakini mlango ule ule uingizao elimu huingiza na uwongo, wala mlango haumwambii mtu kipi ni kipi. Basi mwezi huu tumependa kuzungumza na wazee na vijana wa nyumba zetu juu ya jambo moja: vipi kijana wa Kiislamu ataitafuta katika intaneti elimu iliyo sahihi juu ya dini za walimwengu, pale chuo chake kinapomtaka azisome.

Lililotusukuma kuandika ni hili. Binti wa kaka yetu, aliye mwaka wa pili katika chuo kikuu, aliagizwa na mwalimu wake aandike makala juu ya maana ya sanamu katika ibada ya Wahindu. Baba yake aliposikia alighadhibika. Akasema, "Mwanangu nimempeleka kutafuta elimu, sikumpeleka kusomeshwa masanamu." Binti alinyamaza kwa adabu, kisha akatujia sisi akasema, "Ami, nisipoandika nitaanguka mtihani. Na nikiandika bila ya radhi ya baba sitakuwa na raha." Tuliwaona wote wawili wana neno. Hofu ya baba ilikuwa hofu ya mapenzi, nayo haifai kuchekwa. Na haja ya binti ilikuwa haja ya haki.

Tulimwendea kaka yetu, wala hatukuanza kwa ubishi. Tulimkumbusha mtu mmoja katika wanachuoni wakubwa wa Kiislamu, naye ni Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973. Mtu huyu alifika India katika zama za Sultani Mahmud wa Ghazna. Wengine walikwenda huko kwa panga. Yeye alikwenda na daftari. Akajifunza Kisanskriti, nayo ni lugha ngumu. Akakaa na wanachuoni wa Kihindu, akawauliza, akavisoma vitabu vyao. Karibu na mwaka 1030 akatoa kitabu kikubwa juu ya dini, elimu na desturi za India. Katika utangulizi wake alieleza kuwa kitabu hicho si cha mabishano, bali ataeleza maneno ya Wahindu kama wao wenyewe wanavyoyasema. Na juu ya sanamu khasa aliandika mlango mzima, akabainisha kuwa wanachuoni wao hawalioni jambo hilo kama wanavyoliona watu wa kawaida.

Je, al-Biruni alitoka katika Uislamu kwa kuandika hayo? Hakutoka. Wala hakuwa peke yake. Al-Shahrastani, aliyefariki mwaka 1153, aliandika kitabu mashuhuri juu ya dini na madhehebu, akajiwekea sharti ya kueleza itikadi ya kila kundi kama ilivyo katika vitabu vyao, bila ya chuki wala upendeleo. Basi kuisoma dini ya mwengine si uzushi ulioletwa na vyuo vya leo. Ni kazi ambayo wazee wetu katika elimu waliifanya, na waliifanya kwa insafu.

Na insafu hiyo yatupasa sisi watu wa pwani kuliko wengi. Wahindu, ambao tumezoea kuwaita Mabaniani, tumekaa nao mtaa mmoja tangu enzi za babu zetu. Tumenunua nguo madukani mwao, tumekopa kwao, tumezisikia kengele za mahekalu yao. Lakini muulize mmoja wetu wanaamini nini, atakwambia, "Wanaabudu ng'ombe," na hapo elimu yake imekwisha. Nasi huchukizwa mno tunapomsikia mgeni akisema kuwa Waislamu wanaliabudu jiwe jeusi la Makka! Ikiwa twataka mtu atuulize sisi kabla ya kutusemea, basi na sisi tuwaulize wenzetu kabla ya kuwasemea.

Kaka yetu alisikiliza, kisha akauliza swali la mtu mwenye akili: "Hiyo ilikuwa kazi ya al-Biruni, aliyekwenda mwenyewe kwa wenye dini yao. Huyu binti ana simu tu. Atajuaje kuwa anayoyasoma si ya mjinga au ya adui?"

Jawabu tulilompa ni kuwa Waislamu ndio wa mwisho wenye udhuru katika jambo hili. Wanachuoni wa hadithi hawakulipokea neno kwa utamu wake. Waliuliza: nani kalisema, kalipokea kwa nani, na huyo alikuwa mtu wa namna gani? Kijana na ayachukue maswali hayo hayo aingie nayo katika intaneti. Nani kaandika? Kayatoa wapi? Kwa kusudi gani? Ukurasa usio na jina la mwandishi, usiotaja kitabu ulichotoa maneno yake, ni kama khabari isiyo na sanadi. Na zile programu za akili mnemba, zinazojibu kila swali kwa ufasaha, yatupasa kuzihadhari zaidi, kwani huweza kutaja kitabu na mwandishi ambao hawako duniani. Kila kitabu zinachokitaja na kitafutwe chenyewe kwanza. Kisipoonekana, neno hilo liachwe.

Kuna jambo jengine ambalo vijana wengi hawalijui. Vitabu vingi vilivyomo katika intaneti bila ya malipo ni vya zamani, kwa sababu haki za wenyewe zimekwisha muda wake, na sasa yeyote aruhusiwa kuvitoa. Mathalan, ule mfululizo wa vitabu vitakatifu vya Mashariki uliosimamiwa na Max Müller huko Oxford una majuzuu 50, yaliyotolewa baina ya mwaka 1879 na 1910. Unapatikana katika mahali panapoitwa Sacred Texts, palipofunguliwa mwaka 1999. Kazi hiyo ni kubwa na yastahiki heshima. Lakini msimamizi wake hakupata kutia mguu India maisha yake yote, na tafsiri ya Kurani iliyomo ndani yake ni ya mwaka 1880. Kijana akiisoma asidhani kuwa ndiyo kauli ya mwisho ya wataalamu wa leo. Aanze na tarehe, ndipo afuatie maneno.

Hata hicho kitabu cha al-Biruni kina kisa chake. Tulikipata, binti na sisi, katika Internet Archive, kwa tafsiri ya Kiingereza ya Mjerumani Edward Sachau, ya mwaka 1888. Tumshukuru kwa kazi hiyo. Lakini Sachau huyo huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa chuo cha lugha za Mashariki mjini Berlin, ambako Kiswahili kilifundishwa kwa watu waliotazamiwa kuja kuitawala Tanganyika, na ambako Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuwa mwalimu. Mwaka 1897 Sachau alitoa kitabu juu ya sharia kwa madhehebu ya Shafi. Elimu na utawala vilikaa nyumba moja. Hatusemi kwa hayo kwamba tukitupe kitabu. Twasema msomaji amjue aliyemshika mkono.

Na tuichukue mizani hiyo hiyo tujipimie wenyewe. Kurani kwa Kiswahili ilitolewa mwaka 1923 na padri Godfrey Dale wa misheni ya Unguja, mwaka 1953 na Sheikh Mubarak Ahmad wa Ahmadiyya, na mwaka 1969 na Sheikh Abdulla Saleh Farsy. Mgeni atakaye kuujua Uislamu kwa Kiswahili, je, tutaona ni mamoja kwetu aokote ipi? Basi na sisi tusiokote tafsiri ya kwanza ya kitabu cha wenzetu tuliyoikuta njiani.

Wako wenye dini waliovitoa vitabu vyao wenyewe kwa wazi. Mayahudi wana Sefaria, iliyoweka Taurati, Talmudi na sherehe zake, matini na tafsiri bega kwa bega. Wafuasi wa Buddha wana SuttaCentral, yenye maneno ya zamani ya dini yao kwa lugha nyingi. Ama uchunguzi wa wataalamu wa vyuo, utafutwe katika Directory of Open Access Journals, orodha iliyoanzishwa mwaka 2003, ya majarida yasomwayo bila ya malipo, ambayo makala zake hupitiwa na wataalamu wengine kabla ya kutolewa. Na katika chuo kikuu cha Harvard iko kazi iitwayo Pluralism Project, iliyoanzishwa na Diana Eck mwaka 1991, yenye maelezo mepesi ya kila dini kwa anayeanza. Kijana na asome kitabu chenyewe kwanza, kisha wataalamu wawili wasiokubaliana, ndipo ashike kalamu.

Binti yetu alifanya hivyo kwa wiki sita. Alimaliza makala yake, na kabla ya kuipeleka kwa mwalimu aliipeleka kwa baba yake. Kaka yetu aliisoma yote, kwa miwani, hata chai ikapoa. Kisha akasema, "Sikubaliani nao hata kidogo. Lakini sasa najua ni nini nisichokubaliana nacho." Sisi twaona hilo ni neno la haki. Sala za binti hazikupungua, na adabu yake kwa jirani imezidi.

Enyi wazazi, simu mtoto ameshaipata. Ukimkataza asiulize mbele yako, atauliza gizani, na gizani hujibu yeyote. Kaa naye. Mfundishe kwanza dini yake akaijua, kisha umfundishe kuuliza sanadi ya kila neno. Na nyinyi vijana, msiandike juu ya mtu maneno ambayo mngeona haya kumsomea mbele ya uso wake.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atujaalie kuwa waadilifu hata kwa wale tusiokubaliana nao. Amin.