Betri Ilinionya Wiki Tatu



Leo naomba niungame jambo. Kwa wiki tatu gari langu lilikuwa likiwaka kwa shida. Asubuhi, baridi ya Naivasha ikiwa kali, nikizungusha ufunguo injini inajivuta polepole na taa za dashibodi zinafifia. Jirani ananiwashia kwa nyaya za jampa, nami nasema, "Mungu ni mwaminifu." Ukweli ni kwamba nilikuwa naahirisha kununua betri, nikaita uzembe wangu imani.

Usiku mmoja, saa tisa, mama mmoja wa hapa Kihoto akanipigia simu. Mtoto wake alikuwa anapumua kwa shida. Nikazungusha ufunguo, nikasikia "tik, tik", basi. Jirani alikuwa amesafiri. Mama akampeleka mtoto hospitali kwa bodaboda, kwenye baridi ile. Tunamshukuru Mungu, mtoto alipona. Mimi nilienda kumwomba mama yule msamaha.

Fundi akaniuliza betri ina umri gani. Miaka 5. Akasema nyingi huchoka kati ya miaka 3 na 5. Akaichaji usiku kucha, akaiacha itulie, akaipima: volti 12.6, kama betri nzima. Nikafurahi. "Ngoja, pasta, tuipe kazi kwanza." Nilipowasha, ikaanguka hadi 8. Alikuwa ameshasafisha vichwa vya betri, na alteneta ilikuwa inatoa volti 14, kwa hiyo kosa halikuwa kwingine. Ilikuwa ya kubadilishwa.

Wapendwa, betri ikitulia huwezi kuijua. Mzigo ndio unaoipima. Hata mimi Jumapili madhabahuni naonekana nimejaa. Wale wanawali kumi wa Mathayo 25 wote walikuwa na taa, na mchana huwezi kuwatofautisha. Usiku wa manane ndio uliowatenganisha, na saa hiyo mafuta hayakuazimika.

Kuwashwa na ndugu mara moja si aibu, ndiyo maana tuko kanisa. Lakini kama kila wiki ni lazima mtu akuwashe ndipo uombe, ndipo usamehe, hilo ni onyo. Usingoje simu ya saa tisa usiku.

Na wewe mwenye gari, kesho asubuhi sikiliza linavyowaka.

Bwana, tufanye upya kabla ya usiku kufika. Amina.