Mofini Ilivyomrudishia Baba Usingizi

Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya majirani zangu wa Keroka wanaoamini kwamba saratani ni lazima iume hadi mwisho.

Baba alikuwa mkulima wa majani chai. Saratani ya umio ilipomshika, ugali ulimshinda, kisha uji mzito, akabaki na chai ya rangi. Lakini kilichomvunja zaidi ni maumivu. Usiku alikaa kitandani ameegemea ukuta, akiuma shuka ili wajukuu wasimsikie.

Daktari wa kwanza alimwandikia tembe za panadol. Nilipomuuliza kuhusu mofini, alisema ingemfanya mzee mraibu, tena ni dawa ya mtu anayekata roho. Hofu hiyo haikuwa yake peke yake. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba kati ya hospitali za umma zipatazo 250 nchini Kenya, ni saba tu zilizokuwa na mofini ya kunywa. Daktari ataizoea vipi dawa asiyoiona?

Mambo yaligeuka tulipompata daktari mwingine. Kabla hajafungua faili alimuuliza, "Mzee, kutoka sifuri hadi kumi, maumivu ni ngapi?"

"Tisa, daktari."

Akatueleza kwamba tangu 1986 Shirika la Afya Duniani linaelekeza dawa ipandishwe nguvu kulingana na maumivu, na itolewe kwa saa, si kungoja mgonjwa alie. Uraibu, alisema, ni nadra kwa mgonjwa wa saratani anayefuatiliwa vizuri.

Tulirudi na mofini ya maji, ambayo koo la Baba liliweza kuipitisha, sirinji isiyo na sindano, na dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga tumbo. Alikunywa saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane na saa kumi na mbili jioni. Saa nne usiku alipewa kipimo maradufu ili alale.

Na alilala. Tisa ikashuka hadi tatu, akaanza tena kuwafokea vijana waliochuma majani yaliyokomaa.

Saratani haikupona, na Baba ametutoka. Ila siku zake za mwisho alizungumza nasi, hakulia.

Wewe unayeuguza, usingoje kuulizwa. Mwambie daktari maumivu ni ngapi, na akikuandikia panadol kwa tisa, muulize kuhusu mofini.